Kipande Kimoja Tu

Fundi Saa alikuwa na mwezi mmoja wa kuokoa kidole chake cha mguu. Daktari alikikagua kidonda, akasema sukari isiposhuka kidole kitakatwa, na kitu kitamu asikiguse hata kwa ncha ya ulimi. Mzee akaapa. Mtu aliyetengeneza saa za watu miaka arobaini, utamfundisha nini kuhusu subira?

Binti yake aliifungia sukari kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Asubuhi alimwachia baba dawa mezani akakimbilia kazini. Jioni alirudi hoi. Kwa hiyo kiapo hakikuvunjikia kabatini. Kilivunjwa na wageni.

Jumatatu alikuja dada yake na chupa ya asali. "Kaka, hii si sukari, hii ni dawa. Kijiko kimoja tu."

Jumatano akaja mpwa wake na chokoleti chungu. Alisoma kwenye simu kwamba inateremsha sukari. Ijumaa akaja jirani, muuguzi mstaafu, na keki chini ya kitambaa. "Babu, kujinyima sana nako ni ugonjwa. Kipande kimoja tu." Kila mmoja alidhani chake ndicho pekee, na kila mmoja alimsihi asimwambie binti. Haba na haba, kibaba kikajaa.

Msidhani mzee alikuwa mjinga. Alijua anachokula na alijua kidonda kinanuka. Lakini tangu macho yafifie na kibanda chake kufungwa, mchana kutwa alikuwa peke yake na saa za ukutani. Aliyeleta kipande alivuta kiti, akakaa, akacheka naye.

Wiki ya tatu akajikaza kiume. "Dada, leo sili."

Dada akafunga chupa yake. "Haya. Basi niwahi, nimeacha nguo kwenye kamba." Chai yake ilikuwa bado inafuka moshi.

Neno likaenea kwamba mzee hataki vya watu. Jumatano mpwa alipiga simu tu. Ijumaa jirani alimpungia mkono akiwa ng'ambo ya ukuta, akapita. Siku tisa mzee hakuonja kitu kitamu, na siku tisa hakuketi na mtu mchana. Wali ukamshinda. Akaacha hata kunyoa ndevu.

Jioni ya kuamkia kliniki, binti alirudi mapema. Alimtazama baba yake, machozi yakamlengalenga. Akauvua ufunguo shingoni, akafungua kabati, akatoa biskuti moja kwenye sahani.

"Umenyong'onyea, baba. Kula hii moja tu. Mimi sitamwambia daktari."

Kisha akavuta kiti, akakaa.

Mzee aliutazama mguu wake ndani ya bendeji. Akamtazama mwanawe, ambaye mwezi mzima hakupata nafasi ya kuketi naye.

"Leta, mama," akasema. "Na wewe chukua moja, tule pamoja."