Soksi Sita za Mvinyo

Pale mgahawani walimwita Pua, na hakuna aliyekumbuka ni lini jina lake la kuzaliwa lilistaafu. Alikuwa mhudumu mkuu, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na ushee, na pua yenyewe kwa umbo ilikuwa ya kawaida tu. Ila ilikuwa inajua kazi. Ilimwambia maziwa gani yataharibika kesho, gesi inavujia wapi, na mteja wa meza ya dirishani alipitia kwa nani kabla ya kuja kula na mkewe. Kila mwaka pua hiyo ndiyo iliyochagua aina sita za mvinyo wa kuuzwa kwa glasi. Si ule mvinyo wa wakubwa, wa kuzungushwa na kusifiwa kama bibi harusi. Ni ule wa mtu aliyetoka kazini, anayetaka kitu cha kusindikiza chakula na bado abaki na nauli.

Mwaka huo aliyeleta chupa za kuonjwa alikuwa shemeji yake, na hapo ndipo raha ilipomwishia.

Shemeji huyu, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa na mdomo wa kumuuzia samaki maji. Aliwahi kumuuzia Pua jokofu lililokuwa likiganda mgongoni na kuchemka tumboni. Aliwahi kumletea godoro jipya kabisa ambalo katikati lilikuwa na bonde la umbo la mtu mwingine. Dada akilalamikiwa hujibu tu, "Si unamjua." Pua alimjua. Tatizo lilikuwa ndilo hilo.

Mwenye mgahawa, mama mjane asiyeonja pombe hata kwa bahati mbaya, alikuwa amemwita ofisini mapema.

"Mwanangu, mimi sinywi. Ninakunywa kwa pua yako. Huyo ni shemeji yako, sina neno. Lakini ukinipitishia maji ya rangi kwa ajili ya undugu, mwakani atachagua mtu mwingine, na wewe utabaki na kufuta meza."

"Akichezea chupa hata moja, mama, nitamtoa mimi mwenyewe, na uone."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Basi akaanza kujilinda. Alidai chupa ziletwe siku moja kabla, akapitisha ukucha kwenye kila kizibo akitafuta kovu. Glasi ndizo zilizomtia wasiwasi zaidi. Alishasikia kuna wauzaji wanaopaka sukari kwenye midomo ya glasi ili mvinyo mkali ulegee. Kwa hiyo akaziosha mwenyewe zote ishirini na nne, akazifuta, akazipanga kichwa chini kwenye maboksi ili zisiingie vumbi, akayafunga kwa gundi ya karatasi, akayatia kwenye kabati lake la chuma. Ufunguo akauning'iniza shingoni. Kama shemeji anataka kupaka kitu, apake hewa.

Kuonja kulikuwa saa nne asubuhi, kabla jikoni hawajakaanga kitunguu, wakati ulimi bado una akili. Chupa zilivalishwa soksi ndefu za kuchezea mpira ili mtu asinunue picha ya lebo badala ya mvinyo. Soksi alizileta shemeji, kwa sharti kwamba zirudi. Zilikuwa za timu ya mtaani kwake. Mezani walikaa wanne: mwenye mgahawa na kikombe chake cha chai, shemeji na viatu vinavyong'aa kuliko sakafu, Pua, na mpishi, bonge la mtu ambaye hakualikwa na wala hakuulizwa.

Pua akamimina kutoka soksi ya kwanza. Akanusa. Karatasi iliyolowa.

Soksi ya pili, karatasi iliyolowa. Ya tatu, karatasi ileile. Alipofika ya sita alikuwa haangalii tena glasi, anaangalia viatu vya shemeji.

"Shemeji, hebu nikumbushe. Zimetoka wapi hizi?"

"Dunia nzima, shemeji yangu. Chile, Ureno, Hispania, Italia, Afrika Kusini, Australia. Sijui ipi ipo kwenye soksi ipi, wewe ndiye uliyezivalisha."

"Nchi sita."

"Sita kamili."

"Na zote zimekubaliana kunuka boksi moja?"

Mpishi akachekea tumboni. "Labda zilisafiri chumba kimoja."

"Mama," Pua akamgeukia mwenye mgahawa, "huu ni mvinyo mmoja, na umelala mahali pabaya. Kuna mtu amejaza chupa sita kutoka pipa moja. Nilikwambia nitamtoa mwenyewe. Shemeji, kusanya chupa zako."

Alingoja domo lifunguke, kiapo, kicheko, habari za mama yake mgonjwa. Badala yake shemeji aliinama, akaanza kuzivuta chupa upande wake taratibu.

"Jokofu lile nilijua," akasema. "Godoro nalo, sawa. Lakini hizi nimezifuata mwenyewe, shemeji, nikazionja mpaka nikaumwa kichwa. Nimemwahidi dada yako kwamba safari hii hutamwita tena kumlalamikia."

Pua hakumwamini. Alijua kuwa huruma nayo inauzwa.

"Nipe maji," mpishi akasema. "Mdomo wangu kama nimetafuna bahasha."

Pua akammiminia maji ya jagi kwenye glasi safi. Mpishi akapiga funda, akakunja uso.

"Hee. Huyu shemeji yako kiboko. Mpaka maji ya bomba ameyachakachua."

Wote wakacheka, hata mwenye mgahawa. Pua peke yake hakucheka. Aliichukua ile glasi, akanusa maji. Akachukua nyingine ambayo haijaguswa, kavu, akaitia puani. Boksi. Akanusa ya tatu. Boksi tupu, lile lile la kabatini, lililokaa usiku kucha likipumua ndani ya glasi ishirini na nne zilizokuwa safi kuliko roho yake.

Hakuna aliyejua zilikolala isipokuwa yeye. Ufunguo ulikuwa bado shingoni, umepata joto. Shemeji alishafunga mfuko kwa nusu. Angekaa kimya dakika mbili tu, mlango ungefungwa, na Pua angebaki Pua. Ni dada peke yake ambaye angepokea mume aliyefukuzwa jioni, na kusema, "Si unamjua."

"Ngoja," akasema. "Zirudishe mezani."

"Zimeacha kunuka?" shemeji akauliza.

"Zinazonuka ni glasi. Nilizifungia mimi, kwenye maboksi. Nilikuogopa wewe."

Mwenye mgahawa akaweka kikombe chake chini.

"Kwa hiyo mvinyo hauna kosa?"

"Sijui bado, mama. Sijauonja."

Mpishi akaleta vikombe vya chai, vyeupe, vinene, vilivyozoea kukaa wazi rafuni. Wakaanza upya. Soksi ya kwanza ilikuwa na zabibu iliyoiva na ukali mdogo unaokuja mwishoni. Ya pili ilinukia pilipili hoho mbichi. Ya tatu ilikuwa nyepesi, ya kunywea samaki. Pua alionja taratibu, akitafuta kosa kwa bidii ya mtu anayelihitaji, na kwenye ya nne akalipata.

"Hii ni siki."

"Hiyo nilijua," shemeji akasema. "Nilitaka kuona kama pua imepona."

Ya tano na ya sita zilipita. "Tano zinabaki, ya nne irudi," mwenye mgahawa akaamua. Akamgeukia Pua. "Na mwakani utachagua wewe. Ila glasi ataosha mpishi."

"Mimi tena?" mpishi akanung'unika. "Nimekuja kuonja tu."

Pua akazivua chupa soksi moja moja, akazikunja, akamkabidhi shemeji kwa mikono miwili. Shemeji akapokea, akaketi tena, akaanza kuzihesabu. Alipofika ya sita akazigeuza moja baada ya nyingine, ndani nje, akaingiza mkono mpaka kwenye vidole, akanusa.

"Si kwa ubaya, shemeji," akasema. "Lazima nijiridhishe."