Mgongo Kwenye Giaboksi

Fundi alipopenya kwenye chumba cha juu cha mnara wa nne wa umeme wa upepo, alimkuta kaka yake ameketi nyuma ya giaboksi, lile sanduku la gia linaloendesha jenereta, mgongo kaubana kwenye chuma, miguu kaikita ukutani. Walikuwa wamemzika msimu wa baridi. Nywele zake zilihitaji kunyolewa.

"Funga mlango, upepo unaingia," alisema kaka.

Dada mtu akafunga, akakagua mafuta, maana ndiyo kazi iliyompandisha huko. Yalikuwa safi. Katika minara mingine mafuta yalitoka yanametameta chenga za chuma, kwa kuwa beringi zilikuwa zikisagika kabla ya wakati wake. Mnara wa nne, wenye giaboksi ya aina ileile, ulizungusha pangaboi lake bila hata kukohoa. Jambo hilo lilikuwa likimkereketa Fundi kwa muda mrefu.

"Kumbe unaishikilia wewe."

"Shafti, huu mhimili wa pangaboi, inataka kuyumba. Nikiiachia, gia zitatafunana meno yote."

"Kazini walituambia ulikufa kwa kutofunga mkanda wa usalama."

"Nilifunga, mdogo wangu. Beringi ilipasuka, kifuniko cha giaboksi kikafyatuka, kikanipiga. Mkanda ungenisaidia nini?"

Jioni Fundi alimweleza wifi yake, mjane wa kaka. Wifi aliendelea kukunja nguo. Asubuhi akamkabidhi chupa ya chai na shati lililopigwa pasi. "Mwambie mtoto ameanza kutembea."

Kaka alikunywa chai bila kuubandua mgongo. Shati hakuweza kubadilisha. Aliuliza kama mtoto anatupa miguu ndani kama yeye, akaambiwa ndiyo, akacheka mpaka giaboksi ikatetemeka kidogo, akanyamaza haraka.

Fundi aliteremka moja kwa moja hadi kwa Mhandisi, bosi wao. Ni yeye aliyekataa jenereta zinazozungushwa na pangaboi lenyewe, zisizohitaji giaboksi katikati. Alisema ni nzito mno kuzipandisha.

"Anasemaje huko juu?" Mhandisi aliuliza kabla Fundi hajafungua kinywa.

Fundi alimkazia macho. "Kwa hiyo ulijua."

"Mashine haitulii vile yenyewe, dada."

"Basi ing'oeni, mfunge isiyo na giaboksi. Mwenzenu apumzike."

"Ah, umechelewa. Wakubwa wameona mnara wa nne unavyochapa kazi, wameridhika kabisa. Minara yote mipya inafungwa giaboksi zilezile."

"Na hizo atazishikilia nani?"

Mhandisi alisogea dirishani. Uani mafundi walikuwa wakivaa mikanda yao, wakitaniana, na yeye akawatazama mmoja mmoja kwa utulivu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Yule mrefu ana mgongo mzuri," alisema. "Ameoa?"

Yule mrefu alikuwa ameoa, tena mkewe alikuwa mjamzito.

"Huyo hafai," Fundi alidanganya. "Anaogopa kupanda."

"Atazoea," alisema Mhandisi, akifungua dirisha ili amwite. "Hata kaka yako mwanzoni alikuwa anaogopa."