Nukta ya Jumatano

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache, mpaka kompyuta ilipomlazimisha kusema.

Alikuwa msoma kipimo. Kila asubuhi saa moja alishuka mtoni, akatazama ubao wenye namba uliosimikwa majini, akatuma kina cha maji kwa simu. Mimi nilikuwa ofisini, safari ya siku nzima kwa basi, kwenye meza iliyo karibu na dirisha lisilofungika. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha namba zake zimeingia kwenye grafu ya tovuti yetu. Tulioana tukiwa na kazi hizo, na kazi hazikutuonea huruma. Alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, siku mbili, basi.

Sasa, mfumo ule ulikuwa na ukaidi wake. Chini ya namba palikuwa na sehemu ya maelezo, na ukiiacha tupu, namba inakataliwa. Mvua, tope, gogo limekwama, lazima uandike kitu. Lakini mto una siku nyingi ambazo haufanyi lolote. Siku hizo mume wangu aliniandikia mimi. "Maji yametulia. Umekula?" "Hakuna mvua. Shati langu la bluu umelificha wapi?" Nilikuwa nimelificha kweli, kola ilikuwa imeshakuwa nyuzi tupu. Ukiweka mshale juu ya nukta ya siku hiyo, kisanduku kidogo kinafunguka na maneno yake yamo. Tovuti ilikuwa wazi kwa dunia nzima, lakini nani ana muda wa kugusa nukta moja moja za mto uliotulia? Mimi nilikuwa nao.

Homa ilimshika Jumanne. Jumatano asubuhi alituma kipimo kama kawaida. Ijumaa tukazika.

Hiyo ni miaka miwili sasa, na nukta ile ya Jumatano sikuwahi kuifungua. Atakayeniita mjinga na aniite. Nilijua nikishaisoma, mume wangu atakuwa amemaliza kuzungumza nami. Isiposomwa, bado ana neno. Kila siku ya kazi niliupeleka mshale mpaka karibu yake, nikaurudisha. Aliyeshika nafasi yake kule mtoni huandika "kawaida" kila siku ya Mungu. Simlaumu, hana mtu huku.

Mwezi huu mkuu wetu akatangaza kwamba tovuti ya zamani inafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Namba zitahamia kwenye mpya, maelezo hayahami.

"Maelezo si takwimu," alisema. "Anayetaka grafu za zamani apakue picha zake mapema."

Nikapakua. Kila grafu ilikuwa na kitufe chake, unabonyeza, mwezi mzima unashuka kwenye kompyuta yako kama picha. Ijumaa nilianza asubuhi, chai yangu ikapoa mezani. Miaka yake saba, miezi themanini na minne, picha themanini na nne. Saa tisa na nusu nilikwenda kwa fundi wa kompyuta nikiwa nimevimba kichwa, nimwonyeshe. Fundi huyu tunamwita Subiri Kidogo, maana hilo ndilo jibu lake kwa kila mwenye shida. Alikuwa rafiki wa marehemu, na mpaka leo ananiita shemeji.

Nikafungua picha ya kwanza, nikaweka mshale juu ya nukta. Kimya. Nukta nyingine, kimya.

"Mbona kisanduku hakifunguki?"

"Hiyo ni picha, shemeji. Picha haina tumbo. Inabeba kilichoonekana ulipobonyeza, basi."

"Na maneno?"

"Kama hayakuwa wazi, hayamo."

"Si ungeniambia asubuhi!"

"Uliniuliza kitufe kiko wapi, nikakuonyesha. Sikujua unatafuta maneno."

Nilimwomba aahirishe kufunga. Akatikisa kichwa. Mtambo umeshapangiwa saa, utazima wenyewe. "Mimi niliyesubirisha watu miaka yote," alisema, "leo nimekutana na asiyesubiri." Sikucheka. Naye hakucheka.

Akavuta kiti. "Shika mshale wewe, uweke juu ya nukta, usitikisike. Mimi napiga picha ya skrini nzima, kisanduku kikiwa wazi."

Tukaanza. Mkono wangu kwenye mausi, kidole chake kwenye kitufe. Umekula. Shati la bluu. Leo nimeota unanigombeza. Nilikuwa nazijua tarehe kwa moyo, naye akawa anasoma kimyakimya huku anajikohoza. Nukta zilikuwa zaidi ya elfu mbili. Tulikuwa tumeokoa ishirini na sita alipotazama saa.

"Dakika mbili, shemeji. Ipi nyingine?"

Nilijua ni ipi. Kuihifadhi lazima niifungue. Nikiiacha imefungwa, saa kumi inaondoka na alichosema, na sitajua milele. Nikausogeza mshale, ukaipita nukta mara mbili. Fundi akaweka mkono wake juu ya wangu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika, na nukta ikafunguka.

"Sentimita mia na arobaini. Kichwa kinauma kidogo. Mengine nitakwambia nikija."

Akabonyeza. "Imeingia," alisema, akageukia ukutani. Punde ukurasa ukawa mweupe. Nililia pale pale mbele ya kompyuta, kwa sauti, mpaka mkuu akachungulia mlangoni akarudi.

Miaka miwili niliogopa kwamba nikilisoma neno lake la mwisho, sitabaki na cha kungoja. Kumbe hakuwa amemaliza. Alikuwa na mengine, na aliyaweka kwa ajili ya safari ya nyumbani.

Mwisho wa mwezi ni kesho kutwa. Najua haji, sina wazimu. Lakini leo nimelitoa lile shati la bluu nilipolificha, nimelishona kola, nimelifua, na sasa hivi liko kambani linakauka.