Waya Mbili za Kusikiliza

Alichokiona binti kwanza ni kitu kidogo: ncha mbili za mita ya umeme ya mjomba wake, zikigusanishwa zenyewe kwa zenyewe, hazikusoma sifuri. Zilisoma sifuri nukta nne.

"Ndivyo mita zilivyo," alisema mjomba, fundi wa redio na feni. Binti hakujibu. Hakuwa mtu wa kujibu, ndiyo maana karakana nzima ilimwita Bubu.

Lakini mita inayopima waya zake yenyewe itaujuaje ubovu mdogo wa kiungo cha waya za kifaa kingine? Akaanza kuunda yake ndani ya kopo la sabuni, kwa betri mbili za tochi. Siku ya kwanza betri zilikufa kabla ya adhuhuri. Akaweka kitufe, umeme upite kinapobonyezwa tu. Kisha akagawa kazi: waya mbili za kupeleka umeme, mbili za kusikiliza. Mwanzoni alizibana za kusikiliza juu ya vibanio vya zile za kupeleka umeme, akawa anapima vibanio. Akazisogeza ndani, zikagusa lehemu yenyewe, risasi inayounganisha waya. Sifuri ikawa sifuri. Akaongeza spika ndogo, ilie kiungo kikiwa kizima.

Spika haikulia. Ilisema. Kila tone la lehemu lilikuwa limetunza sauti zilizotoka karibu yake wakati likipoa.

Feni ya kinyozi ilitoa chafya ya mjomba.

"Fundi, na chafya hii utaniachia humohumo?" kinyozi aliuliza.

"Haiongezi uzito," mjomba alijibu.

Alhamisi mama mshonaji alileta redio aliyotengenezewa hapo hapo miaka sita nyuma. Ilikuwa inakatakata. Bubu akabonyeza kitufe. Kiungo cha kwanza kilitoa mvumo mtupu, cha pili kikohozi. Cha tatu kilitoa sauti ya mwalimu wake wa darasa la tano:

"Fundi, yule mtoto ndiye wa kwanza darasani. Mrudishe shule."

Ikafuata sauti ya mjomba: "Mwenyewe hataki, mwalimu. Kichwa kizito. Halafu hapa nani atanishikia taa?"

Miaka yote sita tangu aache shule, Bubu aliambiwa kwamba hakuna aliyekuja kumuulizia.

"Mwalimu yule alikuwa na sauti nzuri," alisema mama mshonaji. "Mungu amrehemu."

"Kiungo hicho kizima," mjomba alisema. "Tafuta kingine."

Akatafuta. Kibovu kilikuwa cha saba, kisichotoa hata mvumo.

"Mpwa wako ana akili, fundi."

"Damu yetu hiyo, dada."

Mjomba akalichukua kopo, akaandika juu yake kwa wino mweusi jina la karakana, ambalo ndilo jina lake mwenyewe. Akapuliza wino ukauke. Kisha akatoa amri: kuanzia leo, mtu akilehemu, hakuna kuongea.

"Wewe haikupi shida," alimwambia Bubu, na mama mshonaji akacheka.

Bubu akakiyeyusha kiungo cha saba. Moshi ukapanda. Siku zote hapo alibana pumzi mpaka lehemu igande, mkono usimcheze. Safari hii aliinama mpaka joto likamgusa midomo, na lehemu ilipokuwa ingali inang'aa kama maji, akasema, kwa sauti ambayo wote wawili waliisikia:

"Nilitaka, mjomba. Nilitaka kusoma."