Mwelu Aliombewa Hadharani

Ulimi hauna mfupa, jamani, na wa Munyiva haukuwa hata na breki. Walikuwa wakipepeta ndengu uani kwao, kijijini Ndithini, bintiye, Mwelu, aliponong'ona, "Mama, siku hizi natamani nilale nisiamke." Munyiva akakosa la kusema. Kesho yake akalipata, tena mbele ya jumuiya nzima ya kanisa! "Niombeeni mtoto wangu, anataka kujiua."

Alidhani ameomba msaada. Kumbe ametangaza.

Mwelu alipoenda kuchota maji, Kamanthe, mwenyekiti wa jumuiya, mama wa roho safi na sauti ya kuita ng'ombe, alimpokea kwa mbali: "Mwelu! Usijiue, Yesu anakupenda!" Foleni yote ikageuka. Msichana aliacha mtungi palepale, akakimbia nyumbani, akajifungia chumbani.

Munyiva alipoambiwa, alitamani ardhi ipasuke immeze. Majirani waseme watakavyo. Aliyemwonea haya ni mwanawe. Na aliogopa jambo moja: kwamba Mwelu hatamwambia tena kitu, na hali ikizidi kuwa mbaya atakuwa peke yake.

Akaketi chini mlangoni. "Mwelu, nimekukosea. Uliniambia mimi, hukuwaambia wao."

Siku zote hizo aliogopa kuuliza, akiamini kulitaja jambo ni kuliita. Sasa akauliza. "Bado unataka kufa?"

"Ndio. Leo hata zaidi." Mlango ukafunguka kidogo. "Lakini usiambie mtu."

"Nikikubali hapo nitakuwa nakudanganya, mwanangu. Hii imetushinda sisi wawili. Lakini safari hii ni wewe utachagua nani aambiwe."

Mwelu alifikiri sana. "Yule nesi wa zahanati. Na wewe ubaki nje."

Yalimchoma, lakini angelalamika kwa nani? Ameyatafuta mwenyewe. Wakaenda saa hiyohiyo.

Munyiva akaketi kwenye benchi nje, mlango umefungwa, akisikia sauti ya mwanawe bila kushika maneno. Mwelu alikuwa akiongea kwa muda mrefu, na aliyekuwa akisikiliza si mamake. Nani atokee, kama si Kamanthe!

"Heh, Munyiva! Ni Mwelu tena? Amefanya nini?"

Uso ulimwaka. Hakuinua macho.

"Ni mimi niko mgonjwa, Kamanthe," alisema. "Niombee mimi."