Hatibu Asiyeshika Rangi

Hatibu wa Nguvumali alitolewa figo moja mwezi wa Shaabani, na katika ugonjwa ule wote hakuna kilichompa raha isipokuwa jina la ugonjwa wenyewe.

Daktari Leticia, aliyempasua, alimkalisha yeye na mkewe Sabiha akawaeleza taratibu. Uvimbe uliotolewa ulikuwa saratani. Aina yenyewe haionekani mara nyingi, inaitwa kromofobi, kwa kuwa chembe zake zikitiwa rangi maabara ili zionekane kwenye hadubini, haziipokei vizuri. Nyingine hukolea, hizi hubaki zimepauka.

"Mara nyingi haina kasi," alisema daktari, "na tumeitoa yote. Ila lazima uwe unarudi kupimwa."

Sabiha alisikia kila neno. Masikio ya Hatibu yalijifunga pale lilipotajwa neno saratani, yakaja kufunguka kwenye rangi.

"Hazishiki rangi?"

"Hazishiki vizuri, mzee wangu."

"Hata zikilazimishwa?"

Daktari akacheka, na Hatibu akalichukua cheko lile kuwa sifa.

Alipopata nguvu za kutembea alikwenda kwenye baraza ya kahawa ya Msafiri. Akapewa pole, akapewa na nafasi ya kuegemea ukuta. Rama fundi cherehani, rafiki yake tangu madrasa, akamwuliza alikuwa anaumwa nini hasa. Hatibu akafungua kinywa. Neno la kweli lilifika ulimini likagoma.

"Kromofobi," akasema.

Rama akamsogelea.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Chembe za mwili wangu hazishiki rangi. Wamezimwagia rangi mpaka wamechoka. Doa haliingii."

"Subhanallah!" akasema Msafiri, akamwongezea kahawa.

Habari ikatembea. Uchaguzi wa serikali ya mtaa ulikuwa karibu, na watu walikuwa wamechoshwa na viongozi wanaogeuka rangi kama vinyonga kila kura zinapokaribia. Sasa Mungu kawaletea mtu asiyepakika hadi ndani ya nyama! Hatibu, ambaye maishani mwake hakuwahi kuongoza hata foleni ya maji, akasukumwa agombee, naye hakusukumwa sana. Muuza mizizi mmoja akaanza kutangaza dawa ya kuongeza kromofobi. Kuna mama aliyekataa posa ya binti yake mpaka kijana apimwe kama anayo. Zebedayo, mwenyekiti aliyekuwa anatetea kiti chake, alipoona mambo yanamwendea kombo, akatangaza kwamba kwao Usambaa kromofobi ni ya ukoo.

Nyumbani Sabiha hakuwa na mzaha.

"Baba Mboni, siku ya kliniki imefika."

"Kampeni zikiisha, Mama Mboni."

"Ugonjwa haungoji kura."

Hatibu akajifanya anatafuta kofia yake.

Halafu adhuhuri moja Rama alimwita nyuma ya kibanda chake cha ushonaji, uso umemchanua kama bwana harusi.

"Nami nimeanza," akanong'ona.

"Umeanza nini?"

"Kukojoa damu! Wiki ya pili hii. Si ndivyo ulivyoanza wewe? Mke wangu ananikokota hospitali, nimemkatalia. Siendi kutolewa heshima yangu kwa kisu."

Hatibu akamshika bega.

"Nenda hospitali, Rama. Leo."

"Haa! Umeanza choyo? Unataka uwe nayo peke yako mtaa mzima?"

Rama akatoka amenuna, moja kwa moja hadi barazani, Hatibu nyuma yake huku kovu likimvuta ubavuni. Baraza ilikuwa imejaa, na Zebedayo mwenyewe alikuwapo. Kabla Rama hajakaa, Hatibu akasema kwa sauti:

"Jamani, kromofobi ni saratani."

Hakuwahi kulitamka neno lile, hata kitandani na mkewe. Lilimtoka, na pamoja nalo machozi ambayo hakuyatarajia.

"Niliogopa," akaendelea. "Daktari alinipa maneno mawili, nikachagua lililo zuri. Kama si kisu nisingekuwa hapa. Damu ya Rama si heshima, ni damu."

Aliyekuwa karibu naye akajisogeza mbali kidogo kwenye benchi. Msafiri akabaki ameinamisha buli, kahawa inamwagikia sahani. Rama ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Saratani! Nawe ukatuacha tunakuonea wivu?"

"Niliupenda wivu wenu," akajibu Hatibu. "Twende."

Walikwenda wote wawili, Sabiha mbele akiwafungulia njia kama askari. Hatibu alipimwa akaonekana salama, akapangiwa siku nyingine ya kurudi. Rama alikutwa na mawe kwenye figo, akatibiwa akapona. Nusu alimshukuru Mungu, nusu aliliona jina la ugonjwa wake kuwa la kawaida mno.

Kura zilipopigwa, Zebedayo alishinda kwa wingi. Wengine walisema mtu aliyeficha maradhi yake atashindwaje kuficha mengine; wengine hawakutaka tu mwenyekiti mwenye figo moja. Hatibu alikasirika siku mbili tatu, kisha akalala usingizi mnono.

Ila tangu hapo watu wakawa wanamwita kando, mmoja mmoja, kumwuliza mambo ya mkojo na vivimbe ambayo alipokuwa mtukufu hawakuthubutu kumwuliza. Wote akawaelekeza kwa Daktari Leticia. Wa kwanza kuja, tena amevaa miwani ya jua, alikuwa mheshimiwa mwenyekiti Zebedayo.