Nyimbo Zinazosubiri Barazani

Kitu cha kwanza alichokigundua Chamima ni kwamba benchi la barazani lilikuwa na joto. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua halijafika upande ule, na mlinzi alikuwa amelala kwenye kiti chake mwenyewe karibu na geti. Chamima alikuwa akifagia kituo kidogo cha redio, kilicho kwenye njia ya kwenda Quitunda, tangu mwaka juzi, na benchi alilijua: asubuhi huwa na umande. Aliweka kiganja, akakitoa, akakiweka tena. Lilikuwa joto la mtu aliyekaa muda mrefu na kuinuka sasa hivi. Hakumwambia mtu. Shule aliiacha darasa la nne, na tangu hapo aliyaona maneno kama vyombo vya wageni: vipo, lakini havitolewi ovyo.

Siku ya tatu aliona mawe. Tisa, yamepangwa mstari mmoja chini ya benchi, kama watu wanavyoacha mawe kwenye foleni ya mchele au ya kitambulisho, ili mtu aende akapike, akirudi aikute nafasi yake. Chamima alifagia kwa kuyazunguka. Jiwe la mtu kwenye foleni halisogezwi hata na kichaa.

Siku ya nne wenye mawe walikuwepo. Zilikuwa nyimbo.

Wimbo hautofautiani sana na mtu. Huvaa nguo za waliouimba, hunukia mahali uliporekodiwa, na ukikaa, benchi halilii. Kulikuwa na wimbo wa kupalilia wa wanawake wa Mbau, umeshika jembe. Kulikuwa na wimbo wa harusi, umepaka msiro mweupe wa urembo usoni, na kila mara uliuliza saa. Kulikuwa na wimbo wa gitaa la kopo wa Abdurremane, ambao haukuweza kutuliza goti. Zote zilikuwa zimerekodiwa humo redioni, zikawekwa kwenye kompyuta, na hazijawahi kwenda hewani hata mara moja. Zenyewe zilisema ndani ya kompyuta kuna joto, afadhali barazani.

Mussagy, mtangazaji, aliiruka miguu yao akaingia studio.

"Chamima, wape maji hao wageni. Na uzungumze nao kidogo, maana ukifagia kimya hivi watu watasema redio imeajiri kivuli."

Mkurugenzi, Senhor Crispim, aliyehamishiwa huku kutoka Zambézia na bado akihesabu miezi, alizitazama nyimbo juu ya miwani yake. Akaagiza kila moja ipewe senha, kikaratasi cha foleni. Chamima akakata boksi la sabuni vipande tisa, Mussagy akaandika namba na mwenye wimbo. Barazani kukawa na utaratibu mzuri sana. Kilichokosekana ni mtu wa kuita namba.

Namba hazikuitwa kwa sababu ya orodha. Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa studio, nayo ilitoka kwa kampuni moja ya muziki ya Maputo, ile iliyoleta jenereta, dizeli ya kila mwezi na fulana sita. Ilikuwa na nyimbo kumi na mbili na saa za kila mmoja. Chini kabisa ilisema kwamba muda unaobaki ni wa habari na matangazo ya vifo.

Nyimbo za kampuni hazikukaa benchi. Zilifika zikiwa na viatu vilivyong'arishwa, zote kumi na mbili zikinukia manukato ya aina moja, zikaomba njia kwa Kireno, "com licença", zikapita. Shida yao ilikuwa nyingine. Mchana mmoja wimbo wa mapenzi uliokuwa maarufu sana ulitoka studio ukiyumba, ukakaa kwenye ngazi na kuvua viatu.

"Dada, naomba maji," ukamwambia Chamima. "Leo nimeingia mara kumi na nne. Hata mimi mwenyewe sijipendi tena."

"Basi niachie zamu moja upumzike," ukasema wimbo wa gitaa la kopo. "Moja tu. Ya saa nane usiku, watu wakiwa wamelala."

"Siwezi, kaka. Nimeandikwa."

Mwisho wa benchi ulikaa wimbo wa kuku. Ulikuwa mwanamke mfupi, amevaa kapulana, kitenge cha sare cha kikundi cha Quitunda cha tufo, ngoma ya wanawake na matari, na kwapani amebana kuku mwekundu. Ulikuwa wa kwanza kufika, jiwe lake lilikuwa la kwanza, lakini kila wimbo mwingine ulipoingia getini, wenyewe uliinuka ukaupisha, hadi ukawa wa tisa. Chamima aliutambua mara moja. Haya ile ilikuwa yake.

Wimbo aliutunga mwenyewe, akitwanga. Familia zilipohamishwa kupisha mradi wa gesi na kupewa nyumba za bloku Quitunda, kuku wa mama yake alikataa kuhama. Kila asubuhi alipita chini ya uzio wa eneo la gesi, akaenda kutaga pale kilipokuwa kiwanja chao, mahali ambapo watu hawaruhusiwi tena, na jioni alirudi na matope miguuni. Mama alicheka hadi akalia. Kisha akaenda zake Pundanhar kulima kwa dada yake, na redio ndogo ya betri iliyofungwa kwa mpira. Siku ya kuondoka alisema, "Wewe mwanangu, ungekuwa na sauti nusu ya kuku huyu, ningeondoka bila wasiwasi." Njia ya Pundanhar ni mbaya, lakini redio inafika. Chamima alitaka kitu kimoja tu: wimbo ule utoke hewani mara moja, mama akiwa amekaa anamenya mihogo, ausikie, aambiwe nani katunga.

Siku ya kurekodi, kikundi cha tufo, Chamima akiwa mmoja wao, kilikuja na matari manne na kapulana mpya. Walipomaliza, Mussagy akauliza, "Nani katunga?" Katika tufo, wimbo ukishaingia matarini ni wa wote, na aliyeutunga hujitaja mwenyewe, kumtaja mwenzio ni kama kumvua mtandio mbele za watu. Nadia, kiongozi wao, akaangalia dari. Wengine wakaangalia matari. Wote walijua, na wote walingoja. Chamima alikuwa akiangalia kucha zake. Mussagy akaandika: *tradicional*. Maana yake ni wa zamani, hauna mwenyewe.

Mwezi wa sita kampuni ilimtuma Telmo, kijana wa viatu vyeupe, kuangalia kama orodha inafuatwa. Alikuta inafuatwa. Kwa kuwa ndege yake ilikuwa ya jioni, akaanza kuzipitia nyimbo za barazani moja moja.

"Wewe wa nani?"

"Wa Abdurremane, fundi baiskeli. Yuko hai, yuko hapo sokoni."

"Aa. Na wewe?"

"Wa akina mama wa Mbau. Wako ishirini na wawili, wote wakali."

Telmo akasogea mbele upesi. Akafika mwisho wa benchi. Wimbo wa kuku ulitazama vidole vyake vya miguu. Telmo akaisoma senha, akaliona neno *tradicional*, akatabasamu.

"Huyu hana mtu," akasema, akaushika mkono.

Chamima alikuwa hatua mbili tu, na ufagio. Akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa hiki:

"Angalia mawe, utajikwaa."

"Obrigado," Telmo akashukuru, akayaruka.

Kuku hakuruhusiwa kupanda ndege. Alibaki chini ya benchi, akalalia jiwe la wimbo, na kila siku alitaga yai moja ambalo mlinzi alilichemsha.

Baada ya miezi miwili wimbo ulirudi. Ulikuwa umerefuka kwa sababu ya viatu, unanukia kama zile kumi na mbili, na ulisema "com licença" bila kigugumizi. Sasa uliimbwa na binti mmoja wa Maputo, na palipokuwa na kuku paliwekwa mpenzi. Mpenzi huyo alipita chini ya uzio kila asubuhi na kurudi jioni na matope miguuni, jambo ambalo kwa kuku linaeleweka. Watu waliupenda sana. Ulikuwa wa kumi na tatu kwenye orodha, na muda wake ulikatwa kwenye habari.

Ulipotoka mara ya sita siku ile, ulikaa kwenye ngazi. Kuku akatoka mbio chini ya benchi. Wimbo ukainua miguu viatu visichafuke, kisha ukamgeukia Chamima.

"Samahani, dada. Tunajuana?"

Chamima akaupa maji.

Kesho yake, saa tano, simu yake ilimlilia akiwa barazani. Alikuwa mama, kutoka Pundanhar, amepanda juu ya kichuguu ili apate mtandao.

"Chamima! Umeusikia wimbo wa yule mpenzi wa uzio?"

"Nimeusikia, mama."

"Watu wa Maputo wana akili, jamani. Nimeacha mihogo nikasikiliza. Sasa nikajiuliza, mpenzi gani mwenye tabia za kuku wangu? Nikacheka peke yangu, mama yako mdogo akadhani nimepandisha jini." Akacheka tena. "Aliyeutunga ule, mama yake ana raha huko aliko. Mbona kimya? Hata mimi unanionea haya?"

Ndani ya studio Mussagy alitaja jina la binti wa Maputo, kisha jina la kampuni, na wimbo ukaingia mara ya tisa. Orodha ilikuwa pale pale ukutani. Crispim alitia sahihi risiti ya dizeli. Barazani nyimbo nane zilikaa na senha zao, na zote zikageuza vichwa kumtazama Chamima. Hata goti la gitaa la kopo lilitulia.

Chamima akaweka ufagio chini. Akazungumza kwa nguvu, mlinzi akaamka.

"Mama, yule ni kuku wako. Wimbo nimeutunga mimi."